Lira inaanguka, mbona mzigo wa Laleli unapanda? Jinsi ya kuisoma historia ya uchumi wa Uturuki mwenyewe

Mwishoni mwa 2024 nilirudi Kariakoo na mzigo mdogo kuliko safari zote nilizowahi kwenda Istanbul kununua nguo mtaa wa Laleli, na hela niliyoondoka nayo ilikuwa ileile. Mteja wangu mmoja wa jumla, mama wa Mbagala anayefuatilia habari kunishinda, akanitazama kama tapeli. "Wewe si kila siku tunasikia lira imekufa? Sasa magauni yamepandaje?" Nikajikanyagakanyaga, nikasema ushuru, nikasema kargo, akacheka akachukua dazani moja badala ya tatu akaondoka.

Iliniuma, sio kwa sababu ya dazani mbili bali kwa sababu kweli sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma usiku baada ya kufunga duka, na nikagundua swali la yule mama hulijibu kwa kuangalia lira ya leo peke yake, inabidi urudi nyuma, na ukirudi nyuma bila mpango unapotea, maana hii nchi imefilisika, imefufuka, imefilisika tena, na kila mtu mtandaoni ana stori yake, huyu anasema rais wa sasa, Erdoğan, ndiye aliyejenga kila kitu, yule anasema ndiye aliyeua kila kitu. Kwa hiyo naandika hapa njia niliyoitumia mimi. Mi sio mchumi, nauza nguo.

Kifaa unachohitaji ni swali moja tu lenye miguu miwili. Kila zama ukifika jiulize: fedha za kigeni ziliingia kwa mlango gani, na siku mlango ulipofungwa nani alilia? Basi. Uturuki haina mafuta ya maana, gesi karibu yote inanunua nje, mashine nyingi inanunua nje, hata malighafi za viwandani sehemu kubwa inatoka nje. Kwa hiyo viwanda vikichapa kazi ndio dola zinavyozidi kutoka. Uchumi unapochangamka ndipo shida inapoanza kutambaa chini kwa chini. Ukishalishika hilo nusu ya kazi imekwisha.

Anza na noti, usianze na masultani

Wengi wakitaka kusoma historia wanaanza mwaka sijui 1299, wanasinzia ukurasa wa pili. Wewe anza na noti. Kule Istanbul kuna vijiduka vya vitu vya kale, mi niliokota noti ya lira 20,000,000 kwa bei ya chai mbili. Milioni ishirini, karatasi moja. Ilitoka 2001, mbele sura ya Atatürk, mwanzilishi wa jamhuri yao, kama kawaida, nyuma magofu ya Ephesus. Pitisha kidole uhesabu sifuri, ziko saba. Mwaka huo dola moja ilifika zaidi ya lira milioni moja na nusu, yaani kila muuza nyanya alikuwa milionea na hana kitu.

Tarehe 1 Januari 2005 wakakata sifuri sita kwa mkupuo. Milioni moja ya jana ikawa lira moja ya leo, wakaiita Lira Mpya, na 2009 wakaondoa hilo neno "mpya" ikabaki lira tu. Sasa huu ndio mtego wa kwanza ambao nimeona watu wakiingia kila siku: ukikuta takwimu yoyote ya lira kabla ya 2005, uliza ni lira ipi. Kama ni ya zamani gawa kwa milioni. Kuna jamaa nilimkuta anabishana kwamba lira "ilipanda" 2005 kwa sababu dola ilitoka milioni moja na kitu ikawa 1.3, alikuwa serious kabisa.

Sasa masultani, lakini miaka minne tu

1838, 1854, 1875, 1881. Mingine utasoma ukistaafu.

1838 Waosmani, ile milki ya masultani iliyoitangulia Uturuki ya leo, walisaini mkataba wa biashara na Uingereza pale Balta Limanı. Bidhaa za Waingereza zinazoingia zikatozwa kama 5%, bidhaa zinazotoka kwenye milki yenyewe zikatozwa 12%. Soma tena taratibu. Fundi wa kufuma vitambaa wa Bursa au Aleppo anashindana na kiwanda cha mvuke cha Manchester na serikali yake mwenyewe imemfunga mkono mmoja. 1854, katikati ya vita vya Crimea, wakakopa nje kwa mara ya kwanza. Kukopa kukanoga, wakakopa tena na tena, na hela nyingi haikwenda kwenye viwanda, ilikwenda vitani, kwenye majumba ya kifalme na kulipa mikopo ya nyuma. 1875 wakatangaza wataweza kulipa nusu tu.

Halafu 1881 ndio ule mwaka ambao Mturuki yeyote aliyesoma anaujua. Waliowakopesha wakaunda chombo chao, Düyun-u Umumiye, kikawa kinakusanya kodi moja kwa moja ndani ya nchi ya watu: chumvi, tumbaku, pombe, stempu, samaki, hariri. Hakisubiri serikali ikusanye ndio imlipe mdai, hapana, mdai mwenyewe anakaa getini kwako anapokea. Jengo lake bado lipo, zuri tu, kwenye kilima cha Cağaloğlu, leo ni shule ya sekondari, Istanbul Lisesi. Ukiwa Laleli unaweza kwenda kwa miguu, nilienda siku moja nikisubiri mzigo ufungwe. Na hilo deni, jamhuri ilirithi sehemu yake kubwa ikamaliza kulipa 1954, milki yenyewe ilishakufa zaidi ya miaka 30.

Ndio maana ukiongea na Mturuki kuhusu kukopa nje anabadilika sura. Ni kitu alichorithi.

Jamhuri: kiwanda cha khanga zao

Jamhuri ilitangazwa Oktoba 1923, lakini mkutano wa uchumi wa İzmir ulifanyika Februari mwaka huohuo, kabla hata ya mkataba wa amani wa Lausanne wa Julai. Walianza kupanga uchumi nchi haijatambuliwa bado. Lausanne ikafuta haki maalumu za biashara na sheria walizokuwa nazo wageni tangu enzi za masultani, ila ikawafunga kwenye ushuru wa forodha mpaka 1929, wasiupandishe. Na kulikuwa na ule ubadilishanaji wa watu na Ugiriki: Waorthodoksi zaidi ya milioni moja waliishia Ugiriki, Waislamu kama laki nne wakaja huku. Ukiacha machungu ya kibinadamu, fikiria kibiashara, wafanyabiashara na mafundi wa miji mizima wameondoka na ujuzi wao na majina ya wateja wao vichwani.

1925 wakafuta zaka ya mazao, ile aşar iliyomkamua mkulima tangu enzi, na ilikuwa moja ya mapato makubwa kabisa ya serikali, kwa hiyo walijikata kidole wenyewe. Kisha 1929 dunia ikaanguka, bei ya mazao ikaanguka nayo, na mtu binafsi mwenye mtaji wa kujenga kiwanda hakuwepo. Serikali ikaamua ijenge yenyewe. Benki Kuu sheria yake ni ya 1930. Sümerbank ilianzishwa 1933, ni benki kwa jina ila kazi yake hasa ilikuwa viwanda. Mpango wa kwanza wa viwanda wa miaka mitano 1934, Wasovieti wakawakopesha dola milioni 8 na mashine na mafundi, kiwanda cha nguo cha Kayseri kikafunguliwa 1935 na cha Nazilli 1937, hiki cha pili alikifungua Atatürk mwenyewe. Nazilli walichapa basma, kitambaa cha pamba chenye maua maua ambacho bibi wa kijijini alivaa, kwa akili yetu sema ni khanga na vitenge vyao. Wachina walivyotujengea kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, Wasovieti waliwafanyia hivyohivyo miaka 30 nyuma.

Mi hapa nilikaa sana kwa sababu ndio biashara yangu. Gauni ninalouza leo halikutoka hewani, kuna watu walifundishwa kusokota uzi na kupaka rangi kitambaa kwenye viwanda vya serikali miaka ya 30, watoto wao wakafungua karakana, wajukuu zao ndio wanaoniuzia mimi. Sio wote, lakini mnyororo upo.

Vita kuu ya pili hawakupigana ila bei ziliruka, na 1942 wakaleta kodi ya utajiri, Varlık Vergisi. Hapa jibu la "nani alilia" halina utata. Wayahudi, Waarmenia na Wagiriki wa Istanbul walikadiriwa kodi mara nyingi zaidi ya Waislamu wenye biashara kama zao, walioshindwa kulipa mali zao zikauzwa na wengine wakapelekwa kambi ya kazi Aşkale kuzoa theluji. Ilifutwa 1944. Maduka mengi yalibadilisha mikono kipindi hicho.

Ngazi ya kuandika ukutani

Chukua karatasi andika hivi: 1946, lira 2.80 kwa dola. 1958, lira 9. 1970, lira 15. Januari 1980, lira 70.

Hiyo ni bei ya serikali, na kila namba ni siku walipokubali hadharani kwamba dola zimeisha. Sasa kazi yako ni kujaza katikati. Nikuonyeshe moja, nyingine utajaza mwenyewe.

1950 Adnan Menderes anashinda uchaguzi, ahadi ni kila mtaa uwe na milionea wake. Misaada ya Marekani inaleta matrekta, kutoka chini ya 2,000 mwaka 1948 mpaka 40,000 na zaidi katikati ya miaka ya 50. Mashamba yanapanuka, vita vya Korea vinapandisha bei ya mazao duniani, mvua nzuri, Uturuki inauza ngano nje kwa wingi. Mlango wa dola ni ngano. 1954 ukame, ngano hakuna, na trekta linataka spea na dizeli vyote vya dola. Serikali haitaki kupunguza matumizi, inachapa hela. 1958 lira inatoka 2.80 mpaka 9, na Shirika la Fedha la Kimataifa lipo mezani. 1960 jeshi likampindua, 1961 akanyongwa, ingawa hilo la kunyongwa usiliweke kwenye mfumuko wa bei, siasa zake zilikuwa na mengi.

Umeona mpangilio? Mlango unafunguka, watu wanadhani ni wa milele, wanajenga maisha juu yake, unafungwa.

Baada ya hapo kikaja kipindi cha mipango, shirika la mipango lilianzishwa 1960, sera ikawa tuzalishe ndani tusiagize. Friji, mashine za kufulia, magari. 1966 wakatoa gari la Anadol, bodi yake ya faibaglasi, na utani wa Waturuki mpaka leo ni kwamba ng'ombe walikuwa wanaitafuna. Mlango mpya wa dola ulikuwa wafanyakazi: mkataba na Ujerumani Magharibi wa Oktoba 1961, vijana wakapanda treni kutoka kituo cha Sirkeci, wakawa wanatuma maki, fedha ya Ujerumani ya wakati huo, nyumbani. Hela ya watu waliokuwa wanalala wanne chumba kimoja kule Ujerumani ndio ilikuwa inanunua mafuta ya kuendesha viwanda vya Istanbul. Tatizo viwanda vile vilikuwa vinauza ndani tu, nyuma ya ukuta wa ushuru, haviingizi dola, na vyenyewe vinakula dola za vipuri.

1973 mafuta yakapanda bei, 1974 vita vya Cyprus, baadaye vikwazo vya silaha vya Marekani. Wakaanza kukopa mikopo mifupi mifupi. Kufika mwishoni mwa miaka ya 70 Süleyman Demirel, aliyekuwa waziri mkuu mara kadhaa, akasema neno lililobaki kwenye historia, kwamba hata senti 70 za dola tunazihitaji. Foleni za mafuta ya kupikia, foleni za gesi, balbu hakuna, na Mturuki, mwenye kahawa iliyoitwa jina lake dunia nzima, akakosa kahawa. Wazee wetu waliopanga foleni ya sukari na sabuni miaka ya mwanzo ya 80 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Özal, hapa punguza mwendo

Kama una usiku mmoja tu wa kusoma, soma tarehe 24 Januari 1980. Turgut Özal, mhandisi, aliyekuwa mtendaji chini ya Demirel, akatoa furushi la maamuzi: lira kutoka 47 mpaka 70, ruzuku zikatwe, bei ziachiwe, na kuanzia sasa tunauza nje, hatuzalishi kwa ajili ya kujifungia. Siku nchi ililala ikaamka na mwelekeo mwingine.

Ila usisahau Septemba mwaka huohuo jeshi lilipindua serikali. Migomo ikapigwa marufuku, vyama vya wafanyakazi vikafungwa, mishahara ikabaki nyuma ya bei miaka mfululizo. Watu wanamsifia Özal kwa mauzo ya nje kutoka dola bilioni 2.9 mwaka 1980 mpaka zaidi ya bilioni 11 mwaka 1988, na ni kweli, lakini shati lilikuwa rahisi sokoni Ujerumani kwa sababu pia mshonaji hakuwa na pa kudai. Nani alilia? Huyo.

Kitu kingine kilichonishangaza: kabla ya hapo kukutwa na dola mfukoni bila karatasi ilikuwa kesi, kwa sheria ya 1930 ya kulinda thamani ya fedha yao. Sigara za Marekani zilikuwa magendo. Özal alipokuwa waziri mkuu mwishoni mwa 1983 akaanza kuviruhusu, na baada ya miaka michache mtu anaweka dola benki kama anavyoweka lira. Ndio mwanzo wa tabia unayoiona leo, Mturuki anapokea mshahara wa lira asubuhi, jioni anatafuta dola au dhahabu. Hata harusini bibi harusi anabandikwa vipande vya dhahabu kwenye utepe, na sehemu kubwa ya akiba ya taifa lile iko chini ya mto, wenyewe wanasema hivyo hivyo, dhahabu ya chini ya mto.

Wajanja nao hawakukosa. Serikali ilikuwa inarudisha kodi kwa anayeuza nje, basi zikazuka kampuni za kuuza nje hewa, karatasi zinaonyesha mzigo umetoka, mzigo haupo. Waturuki wana jina la hiyo kitu, hayali ihracat, mauzo ya kufikirika.

Lakini viwanda vya kweli vilizaliwa, na sio Istanbul peke yake. Taulo za Denizli, mazulia ya mashine ya Gaziantep, samani za Kayseri, hiyo miji waliiita chui wa Anatolia. Ukipindua lebo ya zulia la duka la Kariakoo kuna uwezekano mkubwa limetoka Gaziantep.

Na Laleli yenyewe? Hiyo ni ya miaka ya 90. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika 1991, wanawake wa Urusi na Ukraine, wengine walimu na mainjinia waliokosa mishahara, wakawa wanakuja na mabegi, wanajaza nguo na makoti ya ngozi, wanarudi kuuza. Serikali ya Uturuki ikaja kuingiza hiyo biashara ya mabegi kwenye hesabu za taifa, maana ilikuwa mabilioni ya dola kwa mwaka. Ndio maana mpaka leo vibao vya Laleli vimeandikwa Kirusi na muuzaji akikuona tu anaanza na Kirusi hata kama wewe ni mweusi tii kama mimi. Bei za dola, mauzo kwa seri, yaani pakiti moja yenye saizi zote huchagui. Sisi Waafrika tulikuta njia imeshachongwa.

1994 na 2001 zipitie pamoja

1989 waliruhusu hela za nje ziingie na kutoka zitakavyo. Serikali ikiwa na nakisi kubwa, mabenki yakagundua kazi rahisi: kopa dola nje kwa riba ndogo, nunua hati za serikali kwa riba kubwa, kaa kula. 1994 ikapasuka mara ya kwanza, mfumuko ukapita 100%. Hawakujifunza. Tetemeko la Agosti 1999 likaua watu zaidi ya 17,000 eneo la İzmit, penye viwanda vingi.

Februari 19, 2001, kwenye kikao cha usalama wa taifa, Rais Ahmet Necdet Sezer akamrushia Waziri Mkuu Bülent Ecevit kitabu cha katiba. Ecevit akatoka nje akawaambia waandishi kuna mgogoro mkubwa. Siku mbili baadaye riba ya kukopeshana usiku mmoja kati ya mabenki ikafika maelfu ya asilimia, na lira ikaachiwa ielee, yaani soko liamue bei yake. Kijitabu, jamani. Ila usidanganyike, kitabu kilikuwa kiberiti tu, petroli ilishamwagwa sebuleni miaka kumi. Aprili muuza maua mmoja alimrushia waziri mkuu mashine yake ya kuhesabia mauzo ya dukani, hii picha itafute, inaeleza kuliko grafu.

Wakamwita mchumi wao Kemal Derviş kutoka Benki ya Dunia. Mabenki mabovu yakafungwa au kuchukuliwa, Benki Kuu ikapewa uhuru kisheria, bajeti ikafungwa mkanda. Uchumi ulisinyaa karibu 6% mwaka huo. Chama cha AKP, ndicho cha Erdoğan, kikashinda Novemba 2002, kikakuta dawa chungu imeshanywewa. Sifa yao, na nawapa, ni kwamba hawakuitapika. Mfumuko ukashuka chini ya 10% mwaka 2004, mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya 30, mazungumzo ya Umoja wa Ulaya yakaanza 2005, wawekezaji wakamiminika, 2013 wakamaliza deni la Shirika la Fedha la Kimataifa.

Mlango wa dola kipindi hiki? Mikopo ya nje, safari hii sio ya serikali, ya makampuni. Na sehemu kubwa ikaenda kwenye zege. Ghorofa na maduka makubwa hayauzwi nje ya nchi, ila deni lake ni la dola. Ukiangalia hapo na kifaa chako cha swali moja unaona 2018 inakuja, hata kabla ya ugomvi na Marekani juu ya mchungaji wa Kimarekani aliyeshikiliwa Uturuki, na ushuru wa Trump wa Agosti 2018, dola ikagusa lira 7 na kitu.

Mtego mwingine uko hapa. Pato la taifa kwa dola lilikuwa kama bilioni 950 mwaka 2013 na likashuka mpaka kama bilioni 720 mwaka 2020. Mtu anakwambia uchumi umesinyaa robo. Hapana, viwanda na watu waliongezeka, kilichosinyaa ni kipimo. Ukitaka kujua wanazalisha nini angalia ukuaji halisi, ukitaka kujua wananunua nini nje angalia dola.

Miaka ya stika

2021 Benki Kuu ikaanza kushusha riba wakati mfumuko unapanda, kutoka 19% Septemba mpaka 14% Desemba, Rais Erdoğan akiamini riba kubwa ndio inayoleta mfumuko. Desemba 20 dola ikagusa lira 18, usiku huohuo wakatangaza akaunti za lira zinazolindwa, dola ikipanda serikali inakufidia, lira ikaruka juu masaa machache. Kwenye mgahawa mmoja mdogo ninakokula supu ya dengu kule, menyu ilikuwa na stika za bei juu ya stika. Nikichokonoa kwa kucha naona bei ya chini, na chini yake nyingine, kama ukuta uliopakwa rangi na wapangaji wanne. Oktoba 2022 mfumuko rasmi ulifika 85%, na wale wasomi wa ENAG wanaohesabu wenyewe walitoa namba kubwa zaidi. Februari 2023 tetemeko la kusini, zaidi ya watu 50,000 wakafa upande wa Uturuki, Gaziantep na Kahramanmaraş, miji ya nyuzi na vitambaa, ikaumia.

Baada ya uchaguzi wa Mei 2023 akarudishwa Mehmet Şimşek wizara ya fedha, riba ikapandishwa kutoka 8.5% mpaka 50% kufika Machi 2024.

Na hapa ndipo lilipokuwa jibu la mama wa Mbagala. Chukua kalamu. Mwisho wa 2023 dola ilikuwa kama lira 29.5, mwisho wa 2024 kama 35.3. Kwa hiyo dola imepanda 20% hivi. Mfumuko wa mwaka huo 44%. Sema gauni lilikuwa lira 1,000: kwa dola 33.9. Mwaka mmoja baadaye mshonaji kaongezwa mshahara, umeme umepanda, pango limepanda, gauni limepanda na wenzake linauzwa lira 1,440: gawa kwa 35.3, dola 40.8. Lira imeanguka kweli, ila imeanguka polepole kuliko bei zinavyopanda, kwa sababu riba kubwa inawashawishi watu wabaki na lira. Kwa mwenye dola kama mimi Uturuki imekuwa ghali huku wenyewe wakilia maisha magumu. 2021 ilikuwa kinyume chake, lira ilikimbia kuliko bei, na ndio ile safari niliyorudi na mabegi yanapasuka nikajiona mjanja. Hata wenye viwanda wa kwao wameona, wengine wamehamishia ushonaji Misri.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi fanya hivi: kama tarehe 3 ya kila mwezi takwimu za mfumuko zinatoka, chukua mfumuko wa miezi 12, linganisha na dola ilivyopanda miezi hiyohiyo. Mfumuko ukizidi, nenda na hela nyingi au subiri. Dola ikizidi, nenda haraka. Na kila ukinunua andika daftarini bei ya lira, bei ya dola na tarehe, ukurasa mmoja, baada ya safari tatu utaona mwenyewe.

Nilimpigia yule mama nikamsomea hesabu yote, 33.9, 40.8, riba, mpaka Özal nikamgusia. Akanisikiliza mpaka mwisho, mtulivu kabisa, halafu akasema, "Nimekuelewa mwanangu. Kwa hiyo zile dazani mbili unanipunguzia ngapi?"